Fomu ya duka inapomkataa mteja wa ng'ambo

Swali: Ninauza mikoba ya ukili na vikoi kutoka Unguja. Duka langu la mtandaoni lina Kiswahili na Kiingereza. Siku hizi napata wateja wa Ujerumani na Oman, na wachache wa Marekani, lakini wengi wanajaza kapu halafu wanaishia kwenye fomu ya kulipia. Mjerumani mmoja aliniandikia kuwa fomu imekataa anwani yake. Kijana aliyenijengea duka anasema dawa ni kubandika kitufe cha kutafsiri kiotomatiki kwa lugha zaidi ya mia. Jamaa mwingine anasema nitafute mfasiri. Nimsikilize yupi, nianzie wapi, na mfasiri analipwaje?

Jibu: Dada yangu, huyo Mjerumani hakukwama kwenye lugha. Mtu aliyefika mpaka kwenye kapu, akachagua rangi na ukubwa wa mkoba, anaelewa Kiingereza cha kutosha kujua kisanduku kipi kinataka jina na kipi kinataka anwani. Amekwama kwa sababu fomu yako imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, ikamdai kitu ambacho kwao hakipo. Ukiitafsiri kama ilivyo itamkataa tena, safari hii kwa Kijerumani.

Kwa hiyo kati ya kijana wako na huyo jamaa, jamaa yuko karibu zaidi na ukweli, ila mfasiri aje baadaye. Kwanza fomu yenyewe inyooshwe. Na kabla ya kuinyoosha, ipunguze. Kila kisanduku unachokifuta leo ni kisanduku ambacho hutakitafsiri, hutakitafutia ujumbe wa kosa kwa lugha tatu, na mteja hatapata nafasi ya kukikosea. Tarehe ya kuzaliwa ya mnunuzi wa kikoi ni ya nini? Jina la kampuni je? Faksi? (Ndiyo, violezo vingine bado vinauliza faksi.) Hayo ni mahitaji ya aliyetengeneza kiolezo, wewe hayakuhusu.

Tuje kwenye anwani, maana hapo ndipo oda nyingi za nje zinapofia.

Maduka mengi madogo yamejengwa juu ya kiolezo kilichofikiriwa na mtu wa Marekani. Utakuta mtaa, mji, jimbo na postikodi ya tarakimu 5, vyote vimewekewa nyota nyekundu ya lazima. Mteja wako wa Marekani hapati shida, kwa sababu ndivyo anavyoandika anwani siku zote: jimbo kwa herufi mbili, kisha tarakimu 5, pengine na nyingine 4 baada ya kistari. Ujerumani nayo ina majimbo 16, lakini jimbo haliandikwi kwenye bahasha. Unatangulia mtaa, inafuata namba ya nyumba, na mstari wa chini unabeba postikodi kisha mji, basi. Sasa mtu wa Leipzig akiletewa orodha ya lazima inayoanza na Alabama na kuishia na Wyoming, achague nini?

Kuna tatizo jingine ambalo fundi asiyeuza nje halioni kabisa. Postikodi za mashariki ya Ujerumani zinaanza na sifuri. Katikati ya Leipzig ni 04109, Dresden 01067, Chemnitz 09111. Kisanduku cha postikodi kikitangazwa kwenye programu kuwa ni cha namba, kompyuta inafanya kile inachokijua kuhusu namba: sifuri ya mbele haina thamani, itupwe. Mteja anaandika 04109, ndani inaingia 4109, halafu kanuni inayotaka tarakimu 5 inahesabu, inapata 4, na maandishi mekundu yanatoka kwamba postikodi si sahihi. Mteja kaandika sawasawa, fomu imekula sifuri yake, kisha inamsuta. Anajaribu tena, anasutwa tena, anaondoka.

Mwandikie umuulize anaishi mji gani. Akikutajia mmoja kati ya hiyo mitatu, ugonjwa umeujua. Boston nako postikodi zinaanza na sifuri, na katikati ya Nairobi ni 00100. Uingereza na Canada wanachanganya herufi na tarakimu. Uholanzi ni tarakimu 4 na herufi 2. Mwambie kijana wako postikodi ni maandishi, ihifadhiwe kama maandishi, na ukaguzi wake ufuate nchi aliyochagua mteja. Falme za Kiarabu hazina postikodi kabisa, kwa hiyo ukiilazimisha watu wa Dubai watakuandikia 00000 ili wapite, na wewe utadhani una taarifa kumbe huna.

Usifute mstari wa pili wa anwani kwa sababu tu unauona umekaa bure. Nyumba za ghorofa za Ujerumani kwa kawaida hazina namba za milango. Mleta barua anatafuta jina lililoandikwa kwenye kengele au kwenye kisanduku cha barua. Mtanzania aliyepanga chumba kwa mwenyeji huko Hamburg, jina lake lisipokuwepo mlangoni, kifurushi kinarudi. Anahitaji mahali pa kuandika c/o (yaani "kwa mkono wa") na jina la mwenye nyumba. Mstari huo uwepo, usiwe wa lazima, na usibanwe kwa idadi ndogo ya herufi.

Oman mambo yamegeuka. Wengi wanapokea kupitia sanduku la posta lenye msimbo wa eneo wa tarakimu 3 (Ruwi, kwa mfano, ni 112). Anayeletewa nyumbani atakutajia namba ya njia na namba ya nyumba, na mara nyingi msambazaji atampigia simu akifika jirani. Kwa hiyo simu ya mteja wa Muscat ni lazima, wakati ile ya mteja wa Berlin inaweza kubaki ya hiari. Namba za Oman zina tarakimu 8 baada ya +968. Fomu iliyozoea namba za kwetu, tarakimu 10 zinazoanza na 0, itazikataa zote. Kanuni salama ni kukubali alama ya kujumlisha, nafasi na vistari, kisha programu yenyewe isafishe. Kiwango cha kimataifa cha E.164 kinaruhusu mpaka tarakimu 15 pamoja na msimbo wa nchi, basi hiyo ndiyo iwe dari yako.

Tiba ya yote haya ni moja, na haina gharama kubwa: swali la kwanza kwenye fomu liwe nchi. Akishachagua nchi, visanduku vingine vijipange kwa desturi ya nchi hiyo, jimbo litoweke kwa Mjerumani na litokee kwa Mmarekani, simu iwe ya lazima kwa Mwomani. Mifumo mikubwa ya maduka kama WooCommerce na Shopify ina uwezo huo tayari, na Google wameachia huru mkusanyiko wa kanuni za anwani za nchi mbalimbali ambao fundi yeyote anaweza kuutumia. Kijana wako hana haja ya kubuni chochote. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba fundi ameibadilisha fomu ili ipendeze, akauvunja mpangilio huo bila kujua.

Nchi na lugha ni maswali mawili, yasiunganishwe. Usimlazimishe mtu Kijerumani kwa sababu tu kompyuta yake iko Ujerumani. Huenda ni mtoto wa Tanga anayesoma Bremen na anataka Kiswahili chake. Na kwa Oman, kabla hujalipia Kiarabu, angalia meseji za wateja wako wenyewe. Familia nyingi za Muscat zina asili ya Unguja na Pemba, na Kiswahili ndicho kinachosemwa ndani ya nyumba zao. Huenda nusu ya wateja wako wa Oman wananunua mkoba wa ukili kwa sababu bibi yao alikuwa nao, na fomu ya Kiswahili inawatosha. Weka kitufe cha lugha kinachoonekana, jina la kila lugha liandikwe kwa lugha yenyewe, na bendera ziache. Kiarabu utakipa bendera ya nani?

Majina nitayapita haraka. Kisanduku kimoja cha "jina kamili" kinatosha biashara yako. Ukikigawa mara mbili, jina la kwanza na la ukoo, utawasumbua Waindonesia wenye jina moja tu, Wahispania wenye majina mawili ya ukoo, na hata watu wetu wenyewe wa pwani, ambao jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Usikatae alama ya ritifaa kwenye O'Brien, wala vistari, wala herufi zenye nukta juu kama ü. Na usiweke kanuni kwamba jina liwe na herufi zisizopungua tatu: Li na Ng ni majina ya ukoo ya watu wengi sana.

Kuhusu hizo herufi zenye nukta, fungua karatasi ya kifurushi iliyochapishwa kwa oda ya Ujerumani uitazame. Ukiona Müller limetoka MÃ¼ller, basi mahali fulani kati ya fomu, hifadhidata na printa kuna kipande ambacho hakitumii UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Hilo ni la fundi kulirekebisha, na arekebishe kabla hujatafsiri neno hata moja, kwa sababu tafsiri yako ya Kijerumani itachafuka vilevile, na ya Kiarabu haitasomeka kabisa.

Hapo hapo kwenye karatasi ya kifurushi kuna suala la mwandiko. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka anwani iandikwe kwa herufi za Kilatini na tarakimu zinazosomeka, na jina la nchi liwepo. Kifurushi chako kitashikwa na watu wa Unguja na Dar es Salaam kabla hakijafika kwa anayesoma Kiarabu. Ukifungua fomu ya Kiarabu, mteja ataandika anwani kwa Kiarabu, na atakuwa na haki. Kwa hiyo juu ya kisanduku, si ndani yake, weka maelezo mafupi ya kumwomba aandike anwani kwa herufi za Kilatini. Nasema juu kwa sababu maandishi ya kijivu yanayowekwa ndani ya kisanduku hupotea mtu anapoanza kuandika, yaani yanapotea pale pale anapoyahitaji.

Sasa kitufe cha lugha mia. Nina sababu mbili za kukikataa kwenye fomu, ingawa kwenye ukurasa wa kueleza jinsi ukili unavyosukwa sina ugomvi nacho.

Ya kwanza ni kwamba mashine inafanya kazi nzuri ikipewa sentensi, na inabahatisha ikipewa neno moja. Fomu ni maneno mojamoja. Ndiyo maana ukizunguka kwenye maduka yaliyotafsiriwa hivyo kwa Kiswahili utakuta kisanduku cha jimbo kimeandikwa "Hali", kwa kuwa "state" ya Kiingereza ni jimbo na pia ni hali; mnunuzi anajuliwa hali katikati ya anwani. Mjerumani na Mwarabu nao wanaletewa vituko vya namna hiyo hiyo, ila wewe huvioni kwa kuwa lugha zao huzisomi.

Ya pili ni ya kiufundi, na watu wengi hawaijui. Kwenye orodha ya kuchagua, kwa mfano orodha ya nchi au ya rangi, kila chaguo lina maandishi yanayoonekana na thamani inayotumwa kwenye seva. Fundi asipoandika thamani, kivinjari kinatuma maandishi yanayoonekana. Mtafsiri wa kiotomatiki anabadilisha maandishi hayo. Basi mteja anachagua rangi ya bluu, kivinjari kimeshaigeuza kuwa "Blau", seva yako inapokea "Blau", haijui ni kitu gani, na inarudisha kosa au inaweka rangi ya kwanza kwenye orodha. Hili linatokea hata bila kitufe cha kijana wako, kwa sababu Chrome inatafsiri kurasa yenyewe mtumiaji akiiruhusu. Kwa hiyo kila chaguo lipewe thamani isiyobadilika: DE kwa Ujerumani, OM kwa Oman, US kwa Marekani, kwa kufuata orodha ya ISO, shirika la kimataifa la viwango. Majina yanayoonekana yabadilike yatakavyo, na yapangwe upya kwa alfabeti ya kila lugha. Mjerumani anaitafuta nchi yake kwenye D ya Deutschland. Ukiyatafsiri majina ukaacha mpangilio wa Kiingereza, ataipekua orodha nzima mpaka aikute imekaa kwenye G.

Pesa ndiyo sehemu ninayokuomba uisimamie wewe mwenyewe, usimwachie fundi peke yake.

Mjerumani anaandika elfu moja mia mbili hamsini hivi: 1.250,00. Mwingereza na sisi tunaandika 1,250.00. Nukta na mkato vimebadilishana kazi. Rial ya Oman nayo imegawanywa katika baisa 1,000, kwa hiyo bei yake ina tarakimu tatu baada ya nukta. Mkoba wa rial kumi na mbili na nusu unaandikwa 12.500. Mtu aliyezoea Kijerumani akiiona bei hiyo anasoma elfu kumi na mbili na mia tano. Ndiyo maana bei zako za rial zionekane kwa aliyechagua Oman tu, na jina la sarafu liandikwe kando ya kila bei, si juu ya ukurasa mara moja.

Hatari kubwa zaidi iko nyuma ya pazia. Kampuni za kupokea malipo ya kadi mara nyingi zinataka kiasi kitumwe kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kwa dola au euro unazidisha mara 100, na mafundi wengi wameandika "mara 100" ikabaki hivyo kwa sarafu zote. Zidisha 12.5 kwa 100 unapata 1,250. Benki inasoma baisa 1,250, yaani rial moja na robo. Umeuza mkoba kwa sehemu moja ya kumi ya bei, na mteja wala hana kosa, amelipa alichoambiwa. Yen ya Japani, shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda katika orodha ya ISO hazina senti. Huko kosa linageuka, mteja anatozwa mara mia. Kila sarafu unayoiongeza, nunua kitu cha bei ndogo kwa kadi halisi, uone taarifa ya benki inasema nini, halafu ujirudishie.

Kuna jambo la kisheria ambalo kijana wako hawezi kulijua na mfasiri huenda asikuambie. Kutafsiri duka kwa Kijerumani na kuweka bei kwa euro kuna matokeo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwezi Desemba 2010, katika mashauri ya Pammer na Hotel Alpenhof, ilitaja dalili zinazoonyesha kuwa mfanyabiashara amewalenga wateja wa nchi fulani. Kuonekana tu kwa tovuti nchini humo hakutoshi, lakini lugha na sarafu isiyo ya kawaida kwa nchi ya muuzaji zimo kwenye orodha ya dalili. Maana yake, siku unapomfungulia Mjerumani fomu ya lugha yake na sarafu yake, unajisogeza karibu na sheria za kumlinda mnunuzi wa kwao.

Mbili kati ya sheria hizo zinagusa fomu moja kwa moja. Kitufe cha mwisho lazima kiseme wazi kwamba kukibonyeza ni kukubali kulipa. Sheria ya Ujerumani imelitaka hilo tangu tarehe 1 Agosti 2012, na maneno inayoyataja yenyewe ni "zahlungspflichtig bestellen", yaani kuagiza kwa wajibu wa kulipa. "Jetzt kaufen", nunua sasa, linatumika sana na linatosha. "Weiter", endelea, halitoshi, wala "Bestellung abgeben", tuma oda. Kitufe kikikosewa, mnunuzi habanwi na mkataba. Na mwezi Aprili 2022 mahakama hiyo hiyo ya Ulaya ilisema kinachoangaliwa ni maneno yaliyo juu ya kitufe chenyewe. Ukieleza vizuri pembeni hujasalimika. Hapa ndipo kitufe cha lugha mia kinapoweza kukugharimu kweli, maana huna habari leo kimetafsiri vipi na kesho kitabadilisha vipi.

Ya pili ni haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa ndani ya siku 14 bila kutoa sababu. Usipomjulisha kabla hajanunua, muda huo unarefuka kwa miezi 12. Weka sentensi moja juu ya kitufe, yenye kiungo cha maelezo. Eleza hapo hapo nani analipa nauli ya kurudisha, kwa sababu nauli ya kifurushi kutoka Leipzig mpaka Unguja inaweza kuishinda bei ya kikoi. Na kile kisanduku cha "nitumie matangazo" kisiwe kimetiwa tiki tayari. Ridhaa ya namna hiyo ilikataliwa na mahakama hiyo mwaka 2019.

Ushuru nao useme mapema. Tangu tarehe 1 Julai 2021 kila kifurushi kinachoingia Umoja wa Ulaya kinatozwa VAT, hata kiwe cha bei ndogo namna gani. Upo utaratibu wa kuilipa kabisa wakati wa kununua kwa vifurushi visivyozidi euro 150, lakini muuzaji wa nje kama wewe kwa kawaida anahitaji wakala aliye ndani ya Umoja, na kwa oda chache huenda usiuone umuhimu wake. Basi fomu imwambie mteja kwa lugha yake kwamba atadaiwa VAT na gharama ya kushughulikiwa pale kifurushi kitakapofika. Marekani nako, mwezi Agosti 2025, walisitisha msamaha wa ushuru uliokuwa unavipitisha vifurushi vya mpaka dola 800. Maandishi ya ushuru yaweke mahali unapoweza kuyabadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi. Mteja aliyeshtukizwa mlangoni anakataa kifurushi, na wewe ndiye utakayedaiwa nauli ya kurudi.

Baada ya hapo ndipo mfasiri aitwe. Anza na Kijerumani peke yake. Kiarabu kingoje mpaka wateja wa Oman wakuonyeshe kuwa wanakihitaji, kwa sababu Kiarabu ni kazi ya fundi kuliko ya mfasiri: ukurasa mzima unageuka kutoka kulia kwenda kushoto, huku namba ya kadi, simu na barua pepe zikibaki kushoto kwenda kulia, na mteja anaweza kukuandikia tarakimu za ٠١٢٣ ambazo programu lazima izielewe.

Mfasiri asipewe kurasa za duka akaambiwa "tafsiri". Kijana wako atoe maneno yote kwenye jedwali: safu ya maneno ya asili, safu ya tafsiri, na katikati safu inayosema neno hilo linaonekana wapi na lina nafasi kiasi gani. Picha za skrini ziambatane. Hakikisha jedwali lina ujumbe wa makosa wote, maana huo ndio unaosahaulika: visanduku vinakuwa kwa Kijerumani, mtu akikosea anafokewa kwa Kiingereza, pengine na Kiswahili kidogo. Ziwemo pia barua pepe za kuthibitisha oda na meseji ya kifurushi kutumwa. Mwambie mapema kama unataka "Sie" ya heshima au "du" ya watu waliozoeana, ili asichanganye. Maneno ya Kijerumani ni marefu. Kitufe kilichopimwa kwa neno la "Lipa" hakitalibeba "zahlungspflichtig bestellen", na likikatwa katikati umerudi kwenye matatizo ya kisheria.

Kijana asiunganishe sentensi vipandevipande. Hata Kiswahili chako kinaumia hapo. Nina hakika duka lako linasema "Kikoi imeongezwa kwenye kapu", kwa sababu fundi ameandika "imeongezwa" mara moja na kuacha pengo la jina la bidhaa. Andika "Umeongeza kwenye kapu:" kisha jina lifuate, ngeli hazitagombana. Kijerumani kina jinsia za nomino, Kiarabu kina maumbo sita ya idadi. Dawa ni ile ile, sentensi isitegemee jina litakaloingizwa.

Kwa malipo, usikubali kulipa kwa neno. Fomu na barua zake hazina maneno mengi, na mfasiri mzuri akilipwa kwa neno hatapata kitu cha maana, kwa hiyo atafanya haraka. Mlipe kwa kazi nzima, nusu akikabidhi jedwali na nusu akishakaa mbele ya duka lenyewe, ameagiza mkoba kwa Kijerumani kutoka mwanzo mpaka barua pepe ya mwisho, amekosea makusudi kila kisanduku, na amesahihisha alichokiona. Kwenye majaribio hayo mwambie atumie jina lenye ü, postikodi ya Leipzig, na simu iliyoandikwa kwa +49 na nafasi katikati. Ikipita, mwandikie yule Mjerumani umwambie mkoba wake bado upo.